Shimizi ya Shamma

Shimizi ilirudi mikononi mwangu Jumanne moja asubuhi, imekunjwa ndani ya sanduku lake lile lile la rangi ya maziwa, na utepe wake haujachakaa. Msichana aliyeileta alisimama mlangoni mwa kijichumba changu cha kushonea hapa Deira, Dubai, abaya nyeusi ya kisasa, raba nyeupe miguuni, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye yule fundi wa hariri anayesifiwa. Nikamwambia fundi ndiye mimi, sifa sijui. Akacheka, akaketi, akaeleza. Anaolewa mwezi ujao. Shangazi yake amefariki wakati wa baridi na kumwachia sanduku hili, ndani mna vazi la Kiitaliano la kuvaliwa chini ya gauni la harusi, na kwa kuwa yeye ni mrefu kuliko aliyeshonewa, anataka pindo lifumuliwe, literemshwe kama vidole vitatu. "Ni ya zamani lakini ni mpya," akasema. "Haijavaliwa hata siku moja." Nikafungua sanduku. Nilipoona lesi ya kifuani, yale majani ya mzabibu yaliyokatwa kwa mkono jani kwa jani, nilishika meza. Haijavaliwa, anasema mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nimeivaa mara sita.

Nilimwambia aje Alhamisi. Siku ile na ya pili yake mpaka alasiri niliiacha pale juu ya meza, nikawa nafanya kazi za watu wengine nikiipita kwa ubavu. Nina miaka arobaini na tisa, nimefumua mapindo mengi kuliko milo niliyokula, na mkasi wa kufumulia naujua kama kijiko. Lakini pindo lile nilikuwa na kesi nalo ya miaka ishirini na mitatu. Ndani yake, nilivyoamini, mlikuwa na unywele wa kichwa changu mwenyewe, nao ndio ulionifanya nikae bila mume mpaka leo. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi mwenyewe mchana hucheka, ninapokuwa na wateja. Nikibaki peke yangu sicheki.

Mwaka ule nilikuwa na ishirini na sita. Nilitokaje Tanga na nani alinitafutia viza, hayo si ya leo. Naanzia pale mlango wa nyuma wa duka ulipofunguliwa nikaingizwa kwenye chumba kisicho na dirisha, nikaambiwa hapa ndipo utakaposhona. Mbele kulikuwa na duka lenyewe, ndani ya moli kubwa: zulia la rangi ya mchanga, manukato hewani, sidiria na magauni ya kulalia yametundikwa mbalimbali, kila moja na nafasi yake. Sidhani kama chumba tulicholala wanawake wanne kilikuwa na nafasi kama iliyopewa sidiria mbili pale. Nyuma kulikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi ya mvuke, birika la kahawa, na vioo vitatu virefu vilivyosimamishwa kwa pembe ili mteja ajione mbele, ubavuni na mgongoni kwa pamoja. Ukuta uliokabili vioo ulikuwa na picha ya Mwanzilishi wa kampuni. Mwanamke wa Kiitaliano wa zamani, gauni jeusi limefungwa mpaka kooni, midomo imebanwa, na macho yanayokukuta popote utakapokaa. Wiki ya kwanza niliamua kumpa mgongo. Haikusaidia kitu, maana nilipomgeuzia mgongo nilimwona mara tatu ndani ya vioo.

Kampuni tuliiita Nyumba. Ndivyo Waitaliano wanavyoziita kampuni zao za mavazi, nasi tuliamriwa tuite hivyo hivyo. Kila aliyeajiriwa alipewa kitabu kidogo chenye historia ya Nyumba akaihifadhi, kwa sababu mteja wa namna ile hanunui shimizi tu, ananunua na hadithi yake. Niliihifadhi kama nilivyohifadhi Juzuu Amma chuoni. Niamshe hata leo usingizini nitakusomea: kwamba Mwanzilishi alikuwa binti asiyeolewa wa mji mdogo chini ya milima, akishonea mabibi harusi mikanda ya kubana kiuno jikoni kwake, kando ya dirisha; kwamba wakati wa vita, hariri ilipoadimika, alifumua miavuli ya askari wa ndege akashonea shimizi; kwamba wapwa zake waliihamishia kazi Milano; kwamba wanawake wa Ulaya walipoacha kushonewa sanduku zima la mavazi ya harusi, wanawake wa Ghuba walikuwa bado wanashonewa, na ndiyo maana Nyumba ikaja Dubai. Kitabu kiliishia hapo. Yaliyobaki nilipewa na Signora.

Signora ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha nyuma, na chumba chenyewe kilikuwa yeye na mimi. Jina lake lilikuwa Ornella lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitaja. Alikuwa na miaka sitini na moja; aliingia katika Nyumba akiwa na kumi na minne, akafundishwa na mwanamke aliyefundishwa na Mwanzilishi kwa mkono wake. Hakuolewa. Nywele alizipaka hina ya Deira, mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia, zikawa nyekundu kama tofali, na kila baada ya wiki tatu mvi zilikuwa zimeshachomoza chini na kichwa kimekuwa rangi mbili. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Palipopungua tulitia Kiarabu cha dukani, yalla ya kuharakisha na khalas ya kumaliza. Pindo langu la kwanza alilifumua mara nne bila kusema neno, mara ya tano akalitazama akasema linaweza kuvaliwa na mtu asiyeona. Alikula amesimama, mkate na nyanya na mafuta ya zeituni, akilalamika kwamba wali wangu unanuka duka zima la viungo, kisha huyo ananyoosha kijiko. Na kila kitambaa kipya kilipofika alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti, akanusa. Hariri ya kweli ikiungua hunuka nywele zilizoungua; ya uongo hunuka plastiki. Chumba kile kilikuwa na harufu hiyo siku nyingi za wiki, tukaizoea.

Ni katika kunusa huko siku moja aliponiambia jambo lisiloandikwa kitabuni. Katika Nyumba, vazi la bibi harusi halitoki bila unywele wa mshonaji ndani ya pindo. Mwanzilishi ndiye aliyeianza desturi hiyo na haijavunjwa. Msichana anayeshona anauviringa unywele wake mmoja, anaubana kwa mishono mitatu mahali ambapo hakuna atakayeuona, na bibi harusi akishalivaa vazi siku yake, mshonaji naye atapata mume kabla mwaka haujaisha. Nikamuuliza yeye ametia mara ngapi. Akasema alitia mpaka alipofika arobaini, baada ya hapo akawaachia wasichana, maana kwake yeye hata angetia kichwa kizima. Tulicheka wote wawili, lakini mimi mwili ulinisisimka. Nikamwambia kwetu mambo ni kinyume. Kwetu mwanamke akichana, nywele zinazobaki kwenye kitana hazitupwi ovyo. Anazikusanya akazichoma au akazifukia, kwa sababu unywele wako ukiangukia pabaya, nawe umeufuata. Signora aliweka sindano chini akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akauliza kati ya kuchoma na kufukia kipi bora. Nikasema kuchoma, ndiko kwenye hakika.

Umm Shamma, yaani mama yake Shamma, alikuja mwanzo wa baridi. Mwanamke mwenyeji, wa makamo, mpole wa sauti, hina vidoleni, shela lake jepesi likimteleza kila mara. Alitaka sanduku zima la harusi la binti yake, na juu ya vyote shimizi moja ya hariri ya rangi ya maziwa, ya kuvaliwa siku yenyewe. Binti, alisema, yuko London anasoma, hawezi kuja kujaribu. Akatoa karatasi ya vipimo. Signora aliisoma, akanitazama, akanishika bega akanizungusha. Kifua, kiuno, nyonga, hata urefu wa mgongo: ni mimi. Ikaamuliwa kwamba nitasimama badala ya Shamma. Signora alisema nina bahati, maana wengine wanakufa bila kuvaa hariri ile, na mimi nikaona kweli nina bahati.

Mara sita nilisimama mbele ya vile vioo. Umm Shamma hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuja na chupa yake ya kahawa, tende, wali wa machbus ndani ya sufuria lililofungwa kwa kitambaa, na kaimati zao ndogo zenye asali ya tende, akanitaka nile kwanza, kwa kuwa Shamma, alisema, hali kitu akishavaa. Nilikula kwenye ile meza ya kukatia yeye akinitazama kila tonge. Kisha nikavaa, Signora akapiga magoti na pini zake, na mama yule akaanza kuomba vitu vidogo vidogo. Tembea mpaka mlangoni. Rudi. Kaa. Fungua nywele. Siku ya nne aliniomba nicheke. Niliona kichekesho kweli, nikacheka cheko langu lile la Tanga, na yeye akajifunika uso kwa shela, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani na yeye anacheka. Tangu siku hiyo nilianza kuwa na hofu na vioo. Nilikuwa nikijiona watatu, mama yule nyuma yangu, Mwanzilishi nyuma yake, na mara moja au mbili niliona yule wa kioo cha ubavuni amechelewa kugeuka. Nikajiambia ni njaa. Njaa gani, nimetoka kula machbus.

Nyumbani kwetu palikuwa chumba kimoja, mtaa wa Satwa, vitanda vya ghorofa viwili, pazia la kanga mbele ya kila kitanda. Wa chini yangu alikuwa Nakato, Mganda wa Masaka, Mkristo wa kusali kweli, msafishaji wa vyumba katika hoteli moja ya Marina. Ijumaa tulipika. Yeye matoke ya Deira, mimi samaki wa nazi, tukatandika gazeti sakafuni tukala kwa mikono huku tukisikiliza majirani Wahabeshi wakigombana na simu zao ng'ambo ya ukuta wa ubao, na Nakato akitafsiri ugomvi wao ilhali hajui Kihabeshi hata neno moja. Ni Nakato aliyenikutanisha na Idrisa. Alikuwa mlinzi kwenye ghorofa moja kule Marina, Mmombasa, mrefu, shati limenyooshwa kila siku, mtu wa kukuuliza umekula kabla hajakuuliza kitu kingine. Tulikuwa tukionana Ijumaa jioni kwenye mkahawa mdogo karibu na Al Ras, chai ya maziwa na chapati, na Wapakistani wanaotazama kriketi. Miezi minane ya chai. Nakato alisema yule kaka maneno anayo, posa hana. Mimi nilimtetea, lakini iliniuma, kwa sababu nilimpenda. Nilimpenda hata namna alivyopuliza chai.

Basi shimizi ikafika kwenye pindo. Signora alinipa mimi nilishone, heshima kubwa, siku nzima ya mishono midogo isiyoonekana. Hakuniambia nitie unywele na hakuniambia nisitie. Alitoka kwenda mbele kuongea na meneja. Nikavuta unywele mmoja kando ya sikio, mweusi, wa kipilipili, nikauviringa kwenye ncha ya kidole. Nilijua ninalofanya. Sikulelewa kuacha unywele wangu kwenye nguo ya mtu nisiyemjua. Lakini nilimfikiria Idrisa, nikaupiga mishono mitatu, nikafunga pindo, nikasoma na Kulhuwallah juu yake ili nisije nikawa nimepoteza pande zote. Nilipoinua kichwa Mwanzilishi alikuwa akinitazama. Signora alikuwa ameshaingia, amesimama penye birika, nikamwona ndani ya kioo cha kati. Akauliza tu kama nataka kahawa.

Ijumaa iliyofuata Idrisa hakupuliza chai. Aliisukuma kando akasema ameongea na wazee wake, watakwenda Tanga mwezi wa Rajabu, kama mimi sina pingamizi. Nilicheka nikalia, Wapakistani wakageuka kututazama. Njia nzima nilikuwa nikijisemea, Mwanzilishi we, kumbe ni mtu wa maana. Nakato aliposikia alipiga magoti palepale kwenye gazeti akamshukuru Yesu, nikamwambia amshukuru na Mwitaliano.

Jumapili Umm Shamma alikuja kutazama kwa mara ya mwisho. Sanduku lilikuwa lichukuliwe kesho yake. Nilivaa. Akanitengeneza mkanda wa begani kwa mkono wake baridi, akanitazama muda mrefu, kisha simu yake ikalia akatoka nyuma ya pazia kuongea na dada yake. Signora alikuwa ameenda kutafuta utepe. Nikabaki peke yangu na vioo. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni na cha dukani, hakikutosha kwa mengi, lakini yapo maneno ambayo Mwislamu yeyote wa pwani yetu anayajua. Umm Shamma alikuwa akilia. Alisema marehemu wangu, Mungu amrehemu, alisema imekuwa miezi kumi, alisema ameona leo jinsi ambavyo angekuwa. Shamma hakuwa London. Shamma alikuwa kaburini tangu kabla hawajamaliza kuchagua ukumbi, na mama yake alikuwa anamalizia sanduku lililoanzwa, na anayemtazama kila wiki mbele ya vioo vile alikuwa ni maiti aliyeazima mwili wangu. Nilitaka kuivua nguo ile papo hapo, vidole vikakataa kufungua vifungo. Na ndipo nikakumbuka pindo.

Hofu niliyoipata sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimefunga unywele wangu, kwa mkono wangu, na Qur'ani juu yake, katika nguo ya bibi harusi wa kaburini, nimeomba harusi yake inivute na mimi. Na ilikuwa imeshanivuta. Idrisa alikuwa amekwisha sema. Usiku ule sikulala, nikafikia uamuzi mmoja: kesho, Signora akienda kupumzika saa saba kama kawaida yake, nafumua pindo, natoa unywele wangu, nashona upya. Dakika arobaini. Kama nikifumaniwa nimekata nguo ya mteja, nitafukuzwa, nitarudishwa kwetu na ndege ya kwanza, na iwe hivyo. Nilichotaka ulimwenguni kilikuwa unywele mmoja.

Asubuhi Signora alinikabidhi orodha. Vitumba vikavu vya waridi vya kutandika ndani ya sanduku, na Signora hakutaka vya moli, alitaka vya soko la viungo la Al Ras, kwa yule Muajemi wa kona ya tatu. Nikamwambia nitakwenda mchana. Akasema sasa hivi. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akasema hewa ya nje itaniponya, yalla. Nilipanda basi nikilia kwa hasira. Soko la viungo siku ile sikuliona. Nakumbuka wapagazi wa Kipashtuni na mikokoteni yao wakinipigia kelele nitoke njiani, na Muajemi akipima waridi taratibu mno huku akinisimulia habari za magoti yake. Nilirudi mbio. Chumba cha nyuma kilikuwa kinanuka nywele zilizoungua. Kiberiti kilikuwa juu ya meza, na Signora alikuwa anafuta majivu kwa kitambaa kibichi. Meza ilikuwa tupu.

Nikamuuliza sanduku liko wapi. Akasema dereva amekuja mapema, limekwenda, waridi tutaweka kwa bibi harusi mwingine. Niliketi chini sakafuni na mfuko wangu.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Ulijua kama amekufa?"

"Nilijua," akasema. "Mama yake aliniambia siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesimama vile? Ungecheka?" Akaning'iniza kitambaa chake kwenye msumari. Alinitazama na yale macho mekundu ya mtu aliyeinamia kazi ndogo tangu alfajiri. "Khalas, Mwanaidi. Nenda kaolewe."

Hilo ndilo neno alilonipa. Nililisikia kama kofi. Nilijua ameniona kwenye kioo nikitia unywele, nilijua anajua uko wapi, na bado ananicheka. Tangu saa ile nilimchukia. Nilimaliza mwaka nikimjibu kwa kichwa tu, sikumnunulia hina tena, wali wangu nikala kwenye ngazi za dharura. Kichwa chake kikaanza kuwa cheupe.

Idrisa nilimwambia wazee wasiende kwanza. Alisubiri Rajabu, akasubiri mfungo, akasubiri Idi. Nakato alinisihi nimweleze tu, akasema nywele ni nywele, Mungu ni Mungu, na mwanamume wa kupuliza chai vile haokotwi barabarani. Sikuweza. Nilikuwa nimekwisha amini kwamba atakayenioa mimi atafuata njia ya Shamma, au nitaifuata mimi na kumwacha mjane, na nilimpenda kiasi cha kutotaka kumjaribia. Siku ya mwisho pale mkahawani aliniuliza swali moja.

"Mwanaidi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu," nikamwambia, na huo ulikuwa ukweli, na ndio ulimmaliza. Alirudi Mombasa, akaoa, nasikia ana wajukuu wawili na duka la vifaa vya umeme. Mzima wa afya. Walikuja wengine baadaye, wawili watatu, wote niliwarudisha mlangoni. Nyumba nayo iliuzwa kwa wenye mitaji, kazi ikapelekwa viwandani, duka la moli likafungwa na sasa wanauza simu hapo. Miaka sita iliyopita nilisikia kwamba Signora amefia kwao chini ya ile milima. Nilisema Mungu anajua la kumfanya, nikaendelea kushona.

Jumatano baada ya alasiri nilifunga mlango nikawasha taa ya meza. Nilianza kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, ndipo nilipoutia. Cha kwanza nilichokiona ni kwamba kipande kile cha pindo, urefu wa kiganja, hakikushonwa na mimi. Mishono yangu wakati ule ilikuwa midogo lakini ya woga, imebanana. Hii ilikuwa imetulia, imelala sawasawa, mshono wa mtu aliyefundishwa na aliyefundishwa na Mwanzilishi. Kulikuwa na mahali pamefumuliwa na kushonwa upya. Nikafumua. Ndani, ukiwa umeviringwa na kubanwa kwa mishono mitatu, kulikuwa na unywele mmoja. Niliutoa kwa kibanio nikaunyoosha juu ya karatasi nyeupe. Ulikuwa mrefu, umenyooka. Robo tatu nyekundu kama tofali, robo iliyobaki nyeupe.

Nilikaa nao mbele yangu mpaka adhana ya magharibi, na ilinijia ile harufu. Siku ile haikuwa hariri. Hapakuwa na kitambaa kipya chumbani, kazi yote ilikuwa imekwisha, alikuwa na haja gani ya kuwasha kiberiti. Alinituma Al Ras ili nisiwepo, akafumua, akatoa wangu akauchoma, kwa kuwa nilimwambia kuchoma ndiko kwenye hakika. Vazi la bibi harusi halitoki katika Nyumba bila unywele, basi akautia wa kwake, yeye asiye na cha kupoteza, akajifungisha yeye na yule mtoto wa kaburini. Kisha akanitazama usoni akaniambia niende nikaolewe. Miaka ishirini na mitatu nimemchukia mwanamke aliyenipa ruhusa. Nililia kwa sauti, fundi wa saa wa chumba cha pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nikamwambia sindano imenichoma. Kisha nikamwomba Signora msamaha, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa lugha nyingine nisingeweza.

Niliteremsha pindo vidole vitatu. Unywele wake nikaurudisha mahali pake, mishono mitatu, nikafunga. Alhamisi msichana alikuja, akaivaa nyuma ya pazia langu, akatoka akazunguka mbele ya kioo changu kimoja. Alipendeza, na hakufanana na mtu mwingine yeyote. Akasema shangazi yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia mpaka anakufa kwamba siku moja alimwona Shamma amevaa shimizi hii akicheka, na jamaa zake hawakujua wamwambie nini. Nikasema mimi namwamini. Alikuwa akipapasa pindo, kidole chake kikasimama ubavuni, pale penye uvimbe mdogo ambao asiyeujua asingeuona.

"Hapa kuna nini, khala?" akauliza, kama kwao wanavyomwita mama mdogo.

"Unywele wa mshonaji. Ilikuwa desturi yao."

"Wako?"

"Hapana," nikamwambia. "Wangu ulichomwa zamani, mimi tu sikuwa na habari."